Somo la Kikundi: Bima ya Afya kwa Wazee Wetu, Nani Ameandikwa Wapi?

 

Katika somo hili twataka tuzungumze juu ya bima ya afya ya Serikali kwa wazee: mama zetu, baba zetu, mabibi na mababu. Kila tunapotembelea vikundi, swali hili hutokea, na mara nyingi hutokea kwa njia ya mabishano. Huyu asema, "Mamangu yuko kwenye kadi yangu." Yule asema, "Babu hupokea pesa za wazee, kwa hivyo Serikali inamlipia hospitali." Mwingine naye ashikilia kwamba siku hizi hospitali ni bure. Katika maneno hayo matatu mna ukweli kidogo na makosa mengi, na makosa yenyewe hujulikana siku mgonjwa yuko kitandani na karani anataka pesa.

Tumechagua mfano wa Kisiwa cha Mombasa, hasa Mji wa Kale. Wengi wenu mko vijijini, Kwale, Kilifi, Taita na kwengineko, na huenda mkauliza Mji wa Kale wahusu nini. Wahusu. Mgonjwa wenu akizidiwa atavushwa feri au kupitishwa daraja la Nyali mpaka Makadara, yaani ile hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Tena zile nyumba za mawe za Kibokoni na Kuze zaonyesha wazi shida moja ya mpango huu ambayo hata nyinyi wa nyumba za udongo yafaa muijue.

Ya zamani yamekwisha

Tuanze kwa kuondoa ya zamani. Ile NHIF tuliyoizoea, Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, ilianzishwa mwaka 1966. Kwa miaka yake ya mwisho, mtu asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kila mwezi, kiwango kilichoanza mwaka 2015. Sheria mpya ilitiwa sahihi Oktoba 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu wote huiita SHA. Kwa hivyo kadi ya NHIF iliyowekwa ndani ya kabati pamoja na vyeti vya kuzaliwa haina kazi tena. Ikiwa mzee wenu alikuwa amelipa NHIF miaka kumi bila kukosa, asidhani jina lake limejipeleka lenyewe huko kupya na kila kitu kiko sawa. Lazima aangaliwe kama amesajiliwa, na kama amesajiliwa, aangaliwe kama amepimwa uwezo na kulipiwa. Hayo ni mambo matatu, na mtu aweza kuwa na la kwanza bila ya la pili na la tatu.

Kuangalia si kazi. Mtu abonyeze *147# kwenye simu na kufuata maelezo, au aende Huduma Centre akiwa na kitambulisho chake. Pale Mombasa, Huduma Centre iko katika jengo la Posta, Barabara ya Digo, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba nao husaidia kusajili.

Mifuko mitatu

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo panapochanganya watu. SHA ina mifuko mitatu ya pesa, na kila mmoja una kazi yake.

Mfuko wa kwanza ni wa matibabu ya msingi. Huu hulipiwa na Serikali, na unahusu zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu. Mzee aliyesajiliwa anatibiwa huko bila kutoa mchango wowote. Wale wanaosema siku hizi ni bure, ndipo wanapopata maneno yao. Ni bure pale, si kila mahali.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, ule wa kuchangia. Huu hulipia mambo ya hospitali kubwa, kuanzia ngazi ya nne: kulazwa, upasuaji, picha za ndani ya mwili, kuoshwa damu kwa wenye ugonjwa wa figo, matibabu ya saratani na kadhalika. Hospitali ya Tudor iko ngazi ya nne, na Makadara ngazi ya tano. Bila ya mchango uliolipwa, mfuko huu haufunguki.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa makubwa ya muda mrefu. Kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu, huu husaidia pale ambapo kile alichowekewa katika mfuko wa pili kimekwisha. Maana yake, asiyechangia wa pili asiuhesabu huu wa tatu kwa ugonjwa wake wa kila siku.

Tuseme mzee ana presha. Akiondoka Mkanyageni asubuhi na kwenda moja kwa moja Makadara kupimwa tu na kuandikiwa dawa, huenda akatakiwa pesa, na watu watarudi nyumbani wakisema SHA ni uongo. Lakini matibabu ya kawaida ya kwenda na kurudi yamepangwa yaanzie zahanati. Aanze huko, afunguliwe faili huko, na daktari akiona haja atampa barua ya rufaa. Twajua, mtatuambia kwamba zahanati nyingine dawa za presha na sukari huisha. Ni kweli, na tutarudia jambo hilo kule mbele. Hata hivyo mzee ambaye zahanati yamjua yuko mahali pazuri kuliko yule anayekwenda hospitali kubwa mara moja kwa mwaka, akiwa amebebwa.

Mama hayumo katika kadi yako

Hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi kuliko yote, na hulifanya watu wema kabisa. Kijana ameajiriwa bandarini au hotelini. Kila mwezi mshahara wake hukatwa asilimia 2.75. Naye moyoni ametulia, maana anaona kwamba amejilipia yeye, mkewe, watoto, na mama yake anayeishi naye chumba cha pili.

Mama hayumo. Mchango wa mtu hushika yeye mwenyewe, mume au mke wake, na watoto wanaomtegemea. Wazazi hawahesabiwi humo, hata wakiwa wanakula chungu kimoja. Sheria humtaja pia mtu mwenye ulemavu anayemtegemea kabisa mchangiaji, na kama mzee wenu ni wa namna hiyo nendeni mkaulize taratibu zake. Wengine wote, mzee ni kaya yake mwenyewe. Asajiliwe kwa kitambulisho chake, apimwe uwezo kwa jina lake, alipiwe kwa jina lake. Pesa zaweza kutoka kwa mtoto, kwa mjukuu aliyeko Uarabuni au kwa kikundi. Muhimu ni namba ya kitambulisho cha nani inayoandikwa wakati wa kulipa.

Wazee wawili walio mume na mke ni kaya moja, kwa hivyo mchango mmoja unawatosha wote wawili, mradi kila mmoja amesajiliwa na wameunganishwa kama mke na mume. Lakini mume akifariki, mjane asikae na kudhani mambo yanaendelea vile vile kwa jina la marehemu. Baada ya matanga kwisha, mtu mmoja wa nyumbani ampeleke akaulize jina lake liko wapi. Tunajua siku hizo ni nzito na hakuna anayefikiria makaratasi. Ndiyo maana twasema kikundi kiwe na mtu wa kulikumbuka.

Wastaafu nao wana mtego wao. Mtu alikuwa mwalimu au karani wa Serikali, akazoea bima ya kazini. Siku anapostaafu, bima ile ya kazini huisha naye, na makato ya mshahara huisha. Kuanzia hapo yeye ni sawa na muuza samaki: apimwe uwezo, alipe mwaka. Wengi hugundua haya wakiwa wameshakaa mwaka mzima bila kitu.

Kuhusu zile pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, hizo ni msaada wa matumizi. Kuzipokea si hakikisho kwamba umelipiwa SHA. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia michango watu wasiojiweza zaidi, nao wamechaguliwa kaya kwa kaya. Huenda mzee wenu yumo, huenda hayumo. Angalieni kwenye simu, msikisie.

Nyumba ya mawe na mfuko mtupu

Asiye na mshahara hulipa asilimia hiyo hiyo ya 2.75 ya mapato ya kaya, lakini isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Na kwa kuwa hana karatasi ya mshahara, SHA hukadiria mapato yake kwa maswali: kuta za nyumba ni za nini, paa, sakafu, maji yanatoka wapi, choo cha namna gani, taa, mnapikia nini, mna vyombo gani, mifugo, kazi. Majibu yakishaingia, mtambo hutoa hesabu.

Sasa tuseme kuna bibi mmoja wa Kibokoni, tumwite Bi Mkubwa. Ni mjane wa miaka 74. Anakaa katika nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene, mlango wa nakshi ambao watalii husimama kuupiga picha. Maji ya mfereji yamo, umeme umo, choo ni cha ndani. Ukisoma majibu yake kwenye simu utasema huyu ni tajiri. Lakini nyumba si yake. Ni ya urithi wa marehemu babu yao, ina warithi zaidi ya ishirini, nusu yao wako ng'ambo, na yeye amepewa vyumba viwili vya chini akae. Pesa zake ni za kukaanga mahamri na mbaazi asubuhi, na kinachotumwa na wanawe wakijaliwa.

Mtambo ukimkadiria kuwa na mapato ya shilingi 40,000 kwa mwezi, mchango wake utakuwa shilingi 1,100 kwa mwezi, yaani 13,200 kwa mwaka. Akikadiriwa kwa hali yake ya kweli, huenda akawa kwenye kile kiwango cha chini, shilingi 3,600 kwa mwaka. Tofauti ni shilingi 9,600. Kwa mkaanga mahamri hiyo ni tofauti ya kuwa na bima na kutokuwa nayo.

Kwa hivyo mzee asiachwe ajibu maswali haya peke yake, wala asijibiwe na mjukuu mwenye haraka anayebonyeza bonyeza tu ili amalize. Mtu anayeijua hali ya nyumba akae naye, ajibu kwa ukweli, na pale panapouliza nyumba ni ya nani, isemwe wazi kwamba si yake. Hatusemi mfiche kitu. Uongo katika karatasi hizi utamrudia mzee mwenyewe. Tunasema tu kwamba ukweli nao wahitaji mtu wa kuueleza. Hesabu ikitoka kubwa kupita uwezo, msivunjike moyo mkaacha: nendeni ofisi ya SHA au Huduma Centre na kitambulisho, mkaombe hali yake ipitiwe upya. Wa vijijini pia, mliojengewa na watoto nyumba ya matofali na bati zuri, hili ni lenu.

Mwaka mzima kwa mara moja

Tukilinganisha na zamani, mtu wa kiwango cha chini amepunguziwa. NHIF ilimtaka shilingi 6,000 kwa mwaka, SHA inamtaka 3,600. Shida ni namna ya kulipa. NHIF ulilipa mwezi kwa mwezi. SHA kwa asiye na mshahara yataka mwaka mzima kwa pamoja, mbele. Shilingi 300 mzee huzipata. Shilingi 3,600 kwa siku moja, ni shughuli.

Hapa ndipo kikundi kinapoingia, na kwa maoni yetu hakuna aliye na dawa ya shida hii kuliko nyinyi. Kina mama wa Mombasa wanajua kucheza mchezo tangu zamani, na vikundi vya vijijini vina merigoraundi zao. Wekeni sanduku la pili, mbali na lile la kuzungushiana, liwe la bima ya wazee peke yake. Shilingi 10 kila siku, bei ya kiamsha kinywa cha mtoto, kwa mwaka ni 3,650. Wanaokutana kila wiki, shilingi 70 kwa wiki huleta 3,640. Aliyekadiriwa zaidi atoe zaidi, maana kila mmoja anaweka kwa ajili ya mzee wake. Mweka hazina aandike katika daftari jina la mzee, namba ya kitambulisho, kiasi alichokadiriwa, na tarehe ambayo mwaka wake unakwisha. Tarehe hiyo ndiyo roho ya daftari. Malipo yakikatika hata mwezi, mzee ni kama hakuwahi kulipa.

Mnaweza pia kuanza kwa kulipia mzee mmoja kwanza, yule mgonjwa zaidi, halafu wengine kwa zamu. Kikundi kiamue, na kisifanye hivyo kwa kunong'ona. Upo vile vile mpango wa Lipa SHA Pole Pole, uliotangazwa mwaka 2025, ambapo mchango wa mwaka hulipwa kwa mkopo, kisha mtu akarudisha kidogo kidogo. Waweza kumfaa mtu aliyekwama. Lakini ni mkopo, basi ulizeni kwanza utarudisha jumla ya shilingi ngapi. Sisi twapendelea sanduku.

Je, ni heri bima ya kampuni binafsi? Mwenye uwezo aweza kuongeza. Lakini kampuni nyingi huweka kikomo cha umri wa kuingia, na mzee wa miaka 74 mwenye sukari hatapata mlango kwa urahisi, au ataupata kwa bei ya kutisha. SHA haimkatai mtu kwa umri wala kwa ugonjwa alio nao tayari. Kwa mzee, hilo ni jambo kubwa sana.

Tuangalie pesa zenyewe. Kwa viwango vya mwaka 2025, mgonjwa akilazwa hospitali ya ngazi ya nne, SHA hulipa shilingi 3,360 kwa siku, na ngazi ya tano shilingi 3,920. Kwa hivyo siku moja ya kulazwa Makadara yapita mchango wa mwaka mzima wa kiwango cha chini. Kuoshwa damu mara moja hulipwa shilingi 10,650, na mgonjwa wa figo huhitaji mara mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki. Tumeona familia zikiuza shamba kwa jambo hili.

Mkifika hospitali

Kabla ya kulaza mzee katika hospitali ya binafsi au ya shirika, ulizeni dirishani maswali mawili: je, mnapokea SHA sasa hivi, na je, juu ya kile SHA inacholipa, sisi tutaongeza ngapi? Zipo hospitali zilizowahi kupunguza huduma za SHA kwa kulalamikia malipo kuchelewa, kwa hivyo jibu la mwaka jana lisitumike mwaka huu. Ukiuliza mapema wapewa jibu la adabu. Ukiuliza siku ya kutoka, wapewa bili.

Tangu 2025 SHA imesisitiza mgonjwa atambulishwe kwa alama za vidole. Mama aliyefua nguo za watu miaka arubaini, au mzee wa baharini aliyevuta nyavu, vidole vyake vimelainika na mashine yaweza kukataa. Mwambieni karani mapema, mjaribu vidole vyote, na mpeleke kitambulisho cha asili, si nakala. Majina yaliyoko kwenye kitambulisho yafanane na yaliyosajiliwa. Hili la majina hutusumbua sana Pwani, ambako mtu ni Mwanaisha kwenye karatasi moja na Mwana Esha kwenye nyingine.

Na mzee asiweke kidole kwa huduma ambayo hakupata. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya udanganyifu wa namna hii. Akiambiwa, "Weka hapa tu, bibi, ni kawaida," auliize ni kwa ajili ya nini, au amwite aliyemleta.

Tuliahidi kurudia habari ya dawa. Bima haitaijaza zahanati dawa siku zimekwisha. Kwa hivyo katika lile sanduku la wazee wekeni akiba ndogo, hata shilingi 20 kwa mwanachama kwa wiki, ya kununulia dawa za presha na sukari pale zinapokosekana, na ya nauli. Feri kwa anayetembea kwa miguu ni bure, lakini tuktuk kutoka Likoni feri mpaka Makadara si bure.

Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mwanachama aende kwa mzee wake, baba, mama, shangazi au jirani asiye na mtu, achukue kitambulisho chake na kubonyeza *147# mbele yake. Aje na majibu haya: amesajiliwa au bado, amekadiriwa shilingi ngapi, amelipiwa mpaka tarehe gani, na zahanati yake ya karibu ni ipi. Asiye na kitambulisho, au aliyekipoteza, aandikwe wa kwanza katika orodha, maana kwake safari huanzia ofisi ya usajili wa watu, nayo huchukua wiki nyingi. Mweka hazina aje na daftari jipya na kalamu.